Maswali na Majibu: Mji unapoulizwa kuhusu maduka ya bangi ya tiba

Katika miezi ya karibuni safu hii imepokea barua kadhaa zinazohusu jambo moja, nyingi zikitoka kwa wasomaji wetu walioko kusini mwa California, ambako mabaraza ya miji yanajadili kama yaruhusu maduka yanayouza bangi kwa wagonjwa. Tumeamua kuzijibu pamoja. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa, kama ilivyo desturi yetu.

SWALI: Jimbo limeruhusu. Je, mji wetu unaweza kukataa?

Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi katika mji mmoja wa kaunti ya Los Angeles. Baraza la mji limetangaza kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu pendekezo la kuruhusu maduka matatu ya bangi ya tiba. Katika jumuiya yetu ya sala tumegawanyika. Wengine wanasema jimbo limekwisha kuruhusu, kwa hiyo mji hauna la kufanya. Wengine wanasema mji unaweza kukataa kabisa. Nani yuko sahihi? Na wewe mwenyewe unaona baraza lifanye nini? — Mama wa watoto watatu, kaunti ya Los Angeles

JIBU

Dada, wanaosema mji unaweza kukataa ndio walio sahihi, isipokuwa katika jambo moja nitakalolieleza. Lakini ili mwelewane katika jumuiya yenu, ni vema kwanza kujua sheria hii ilitoka wapi.

Mwezi Novemba 1996 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo Namba 215 kwa zaidi ya asilimia 55, na jimbo hilo likawa la kwanza nchini Marekani kuwaruhusu wagonjwa kutumia bangi kwa ushauri wa daktari. Chimbuko lake lilikuwa San Francisco, katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukiua vijana kwa maelfu na dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijaenea. Wagonjwa waliokonda hadi kubaki mifupa, wasioweza kula wala chakula kukaa tumboni, walieleza kwamba bangi iliwarudishia hamu ya kula. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliouguza ndugu zao katika miaka ile hawahitaji kuelezwa hali hiyo ilikuwaje. Sheria iliyopatikana ilikuwa fupi mno. Ilisema kwamba mgonjwa mwenye pendekezo la daktari, pamoja na mtu anayemtunza, hataadhibiwa kwa sheria za jimbo akipatikana na bangi au akiilima kwa ajili ya matibabu. Kuhusu duka haikusema lolote: nani afungue, wapi, kwa leseni ya nani. Sheria ya pili, iliyoanza kutumika mwaka 2004, iliwaruhusu wagonjwa kushirikiana katika kuilima, na kwa jina la ushirika huo maduka yakaanza kuchipuka katika miji mingi, baadhi yakiendeshwa kwa uaminifu na mengine yakiwa biashara tupu iliyovaa koti la ushirika.

Miji mingine iliyakataa. Mji wa Riverside, ulio mashariki ya Los Angeles, uliyapiga marufuku kwa kutumia sheria zake ndogo za matumizi ya ardhi, zile zile zinazoamua kiwanda kikae wapi na baa ikae wapi. Wahusika wa duka moja walipinga, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya California, na tarehe 6 Mei 2013 majaji wote kwa pamoja waliamua kwamba kinga aliyopewa mgonjwa na sheria za jimbo haiuondolei mji mamlaka ya kuamua ardhi yake itumikeje. Pendekezo Namba 64 la Novemba 2016, lililohalalisha bangi kwa watu wote wenye umri wa miaka 21 na zaidi, liliyaacha mamlaka hayo mikononi mwa miji na kaunti. Lililobadilika ni hili: kuanzia tarehe 1 Januari 2024, sheria ya jimbo inaukataza mji kuzuia bangi ya tiba isipelekwe nyumbani kwa mgonjwa na mfanyabiashara mwenye leseni. Kwa hiyo hata baraza lenu likiyakataa maduka yote matatu, gari la kumpelekea mgonjwa bangi bado litapita mtaani kwenu kihalali. Wanajumuiya wanaotumaini kwamba kura ya hapana itaifanya bangi isiingie kabisa mjini wanapaswa kulijua hilo kabla ya kikao.

Umeniuliza pia ninaonaje. Jibu langu limejengwa juu ya yaliyolikuta jiji la Los Angeles lenyewe, jirani yenu.

Mwaka 2007 baraza la jiji hilo lilisimamisha kwa muda ufunguzi wa maduka mapya ili lipate nafasi ya kutunga kanuni, na likayaagiza yaliyokuwapo yajiandikishe. Maduka zaidi ya 180 yalijiandikisha. Lakini amri hiyo ilikuwa na kifungu kilichomruhusu mtu kuomba asihusishwe nayo kwa sababu ya dhiki maalumu, na maombi ya namna hiyo yakarundikana bila kusikilizwa. Aliyetaka kufungua duka alijaza fomu, akaipeleka, kisha akafungua huku akingoja jibu ambalo halikuja. Kanuni zilipopitishwa hatimaye, mwezi Januari 2010, jiji lilikuwa tayari na mamia ya maduka, ilhali kanuni zenyewe zililenga yabaki 70 tu, mbali na yale ya zamani yaliyojiandikisha kwa wakati, na kila moja liwe umbali wa futi 1,000 kutoka shule na bustani za umma. Kesi zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Julai 2012 madiwani walipiga kura 14 kwa 0 kuyafunga maduka. Waliopinga wakakusanya saini za kutaka suala hilo lipelekwe kwa wananchi, na kabla mwaka haujaisha baraza lilikuwa limeifuta marufuku yake lenyewe. Tarehe 21 Mei 2013 wapiga kura walipitisha Pendekezo D, ambalo halikutoa leseni hata moja. Lilisema tu kwamba maduka yaliyokuwapo tangu kabla ya katikati ya Septemba 2007, yaliyokadiriwa kuwa kama 135, hayatashtakiwa iwapo yatafuata masharti. Ilibidi kungoja hadi kura ya Machi 2017 ndipo jiji likapata njia ya kutoa leseni, kukagua na kutoza kodi kwa utaratibu ulio wazi.

Hiyo ni miaka kumi, dada. Katika muda wote huo mkazi aliyekuwa na malalamiko juu ya duka la jirani, iwe ni kelele za usiku au vijana wanaovutia bangi kwenye maegesho, hakuwa na ofisa wa kumwendea mwenye uwezo wa kumaliza jambo hilo, kwa sababu duka lisilo na leseni halina leseni ya kunyang'anywa. Mgonjwa naye hakuwa na uhakika kama alichokinunua kilipimwa kuona kina dawa za kuua wadudu au ukungu. Waliofaidika ni wafanyabiashara wasioogopa kesi, maana wenye kuogopa walijitoa mapema.

Kwa sababu hiyo, ningekuwa mkazi wa mji wenu ningeunga mkono maduka hayo matatu, kwa masharti makali na kwa sharti moja zaidi: kwamba baraza litenge mapema fedha za wakaguzi na za kuyafunga maduka yasiyo na leseni. Baraza lisilokuwa tayari kulipia ukaguzi ni heri likatae waziwazi, ili wananchi wajue mahali linaposimama. Ninachokipinga kwa moyo wote ni njia ya tatu, ya kuahirisha kikao hadi kikao, kwa sababu tumeshaona ilikolifikisha jiji kubwa lenye mawakili wengi na polisi wengi kuliko mji wenu.

Wanaopinga katika jumuiya yenu wasibezwe. Hofu yao juu ya watoto ina msingi, na nitaigusa katika jibu linalofuata.

SWALI: Kama ni dawa, mbona haiuzwi duka la dawa?

Mhariri mpendwa, mimi ni muuguzi mstaafu hapa Mombasa. Mdogo wangu yuko California na anatibiwa saratani ya matiti. Ameniambia daktari wake amempendekezea bangi kwa ajili ya kichefuchefu kinacholetwa na dawa za saratani, na kwamba anainunua dukani pasipo mfamasia. Kwa miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona dawa inayotolewa namna hiyo. Je, ni dawa kweli? — Bibi wa Kisauni

JIBU

Shikamoo, Mama. Wasiwasi wako ni wa mtu aliyeifahamu kazi yake, na sehemu kubwa yake ni wa haki.

Tuanze na daktari. Tangu mwaka 1970 sheria ya serikali kuu ya Marekani iliiweka bangi katika daraja la juu kabisa la dawa zinazodhibitiwa, lile la vitu visivyohesabiwa kuwa na matumizi ya tiba yanayokubalika, na kwa hiyo daktari hawezi kuiandikia cheti cha dawa ambacho mfamasia atakipokea. Anachoweza ni kumweleza mgonjwa kwamba kwa maoni yake bangi huenda ikamsaidia, na kumwandikia pendekezo. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya serikali kuu inayohudumia majimbo ya magharibi iliamua kwamba daktari hawezi kunyang'anywa leseni kwa kutoa pendekezo hilo, kwa kuwa ni mazungumzo kati yake na mgonjwa wake. Lakini pendekezo halina kipimo: haliandiki miligramu, wala mara ngapi kwa siku, wala kwa muda gani. Hilo mgonjwa huliamua pamoja na mwuzaji dukani, ambaye anaweza kuwa kijana mwema asiyesomea dawa hata siku moja. Hapo ndipo wewe, kama muuguzi, unaposhtuka, na mimi nashtuka pamoja nawe.

Kuhusu manufaa yenyewe, mwaka 2017 Akademia za Taifa za Marekani, zinazokusanya wataalamu wa sayansi na tiba, zilichapisha tathmini kubwa ya utafiti uliokuwapo. Zilikuta ushahidi wa kutosha katika mambo machache: maumivu sugu kwa watu wazima, kichefuchefu na kutapika kunakotokana na dawa za saratani, pale ambapo viambato vya bangi vinamezwa kama vidonge, na kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa maradhi ya neva yaitwayo maltipo sklerosisi, kwa jinsi wagonjwa wenyewe wanavyoeleza nafuu yao. Kwa hiyo alilopendekezewa mdogo wako lina msingi, ingawa ushahidi wenyewe unahusu zaidi kidonge kilichopimwa kuliko moshi au biskuti ya dukani. Vidonge vya namna hiyo vipo: dronabinoli, ambayo ni kiambato kikuu cha bangi kilichotengenezwa maabara, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1985 na hutolewa na mfamasia kwa cheti cha daktari. Mwaka 2018 iliidhinishwa dawa nyingine, Epidiolex, iliyotokana na mmea wenyewe, kwa ajili ya aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Ningemshauri mdogo wako amuulize daktari wake waziwazi kama dronabinoli au dawa nyingine za kuzuia kutapika zimeshajaribiwa kwake, na amtajie kila anachokitumia, hata kile alichonunua bila kumwambia, kwa sababu bangi inaweza kuingiliana na dawa nyingine zinazochujwa na ini.

Tathmini hiyo hiyo ya mwaka 2017 ilikuta pia ushahidi mzito wa madhara: uhusiano kati ya matumizi ya bangi na maradhi ya akili ya kuchanganyikiwa, hasa kwa wanaotumia mara kwa mara, ajali za barabarani kwa wanaoendesha baada ya kutumia, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo pale mama anapovuta akiwa mjamzito. Ubongo wa kijana bado unakua hadi miaka ya ishirini na kitu, na hapa ndipo wanajumuiya wanaohofia watoto wana haki ya kusikilizwa. Sheria ya California inamruhusu mgonjwa wa miaka 18 mwenye pendekezo kuingia dukani, wakati asiye na pendekezo anangoja hadi 21. Tofauti hiyo ya miaka mitatu ni ndogo kwenye karatasi, lakini inawahusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, na mapendekezo ya daktari yamekuwa yakipatikana kwa urahisi mno kwa ada ndogo na maswali machache. Miji ina haki ya kulitazama hilo kwa makini.

Mwambie mdogo wako pole nyingi kutoka kwetu sote hapa.

SWALI: Duka likifunguliwa jirani yangu, wizi utaongezeka?

Nina saluni ya kusuka nywele katika jengo lenye maduka sita. Mwenye jengo ametuarifu kwamba chumba kilicho wazi huenda akakipangisha kwa wauza bangi ya tiba, mji ukiruhusu. Wateja wangu wengi ni kina mama wanaokuja na watoto. Nina hofu ya wezi. — Msusi, kaunti ya San Bernardino

JIBU

Ndugu msusi, hofu yako ni ya kawaida na ina sababu moja ya hakika: fedha taslimu. Kwa kuwa serikali kuu haijaihalalisha bangi, benki nyingi huogopa kuwahudumia wafanyabiashara wake, na maduka mengi huendesha mauzo yake kwa noti. Mahali penye noti nyingi na bidhaa inayouzika haraka mitaani huwavuta majambazi, na maduka ya California yamevamiwa mara nyingi.

Hata hivyo, kinachotokea kwa majirani si rahisi kukitabiri kama tunavyodhani. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya RAND ilitoa taarifa kwamba uhalifu uliongezeka kuzunguka maduka yaliyofungwa Los Angeles, kisha mwezi Oktoba mwaka huo huo ikaiondoa taarifa hiyo kwa sababu takwimu zilizotumika zilikuwa na upungufu, ambao mwanasheria wa jiji alikuwa ameulalamikia. Wengi walidhani jambo limeishia hapo. Mwaka 2017 watafiti wawili, Tom Chang na Mireille Jacobson, walichapisha uchunguzi mwingine juu ya kufungwa kule kule, na matokeo yao yakaelekea upande ule ule: duka lilipofungwa, uhalifu wa karibu yake, hasa wizi, uliongezeka mara moja. Waliona jambo linalofanana pale migahawa ilipofungwa na idara ya afya. Maelezo yao yanaeleweka na mfanyabiashara yeyote: mlango uliofunguliwa, taa, wateja na mlinzi huwafanya wezi wafikiri mara mbili, na chumba kitupu hakimtishi mtu. Utafiti huo haukuahidi kwamba kila duka litaleta amani. Unatuonyesha kwamba swali la kuuliza ni duka liendeshwe vipi.

Kanuni za jimbo zinataka kila duka liwe na kamera zinazorekodi usiku na mchana, picha zihifadhiwe angalau siku 90, na mauzo yafanyike kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku tu. Mji unaweza kuongeza: saa za kufunga ziwe mapema, mlinzi awe mlangoni, taa ziwe kwenye maegesho, asiruhusiwe mtu kutumia bangi ndani wala karibu na jengo. Nenda kwenye kikao ukayaombe haya kwa jina. Na kabla ya kikao, zungumza na mwenye jengo: muulize maegesho yatagawanywaje na njia ya hewa ya chumba hicho ikoje, maana harufu inayopenya kwenye ukuta wa pamoja itawafukuza wateja wako kabla mwizi hajafika. Ikiwezekana, majibu yake yaandikwe kwenye mkataba wako wa pango.

SWALI: Nimepewa kazi dukani. Niichukue?

Mimi ni kijana wa miaka 26, nimetoka Goma kupitia kambi huko Uganda, na sasa nina ukazi wa kudumu hapa Marekani. Mwakani nitaomba uraia. Duka la bangi lenye leseni ya jimbo limenipa kazi ya kuhudumia wateja, na mshahara ni mzuri kuliko wa ghala ninakofanya sasa. Rafiki zangu wanasema ni halali kabisa. — Msomaji, San Diego

JIBU

Mdogo wangu, usiichukue. Nakwambia hivi kabla ya maelezo kwa sababu ndilo jambo ninalotaka ulikumbuke hata kama hutasoma mistari inayofuata.

Rafiki zako wanasema kweli kwa sheria ya jimbo, na kama wao ni raia huenda ukweli huo unawatosha. Wewe bado uko chini ya sheria ya uhamiaji, ambayo ni ya serikali kuu peke yake, na sheria hiyo haitambui leseni iliyotolewa na California. Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo rasmi kwamba mtu anayejihusisha na bangi, ikiwa ni pamoja na kufanya kazi katika biashara hiyo, anaweza kukataliwa uraia kwa kukosa sifa ya mwenendo mwema, hata kama jimbo analoishi limeiruhusu shughuli hiyo na hata kama hajawahi kushtakiwa. Katika fomu na mahojiano ya uraia utaulizwa kuhusu kazi zako na kuhusu dawa za kulevya, na utajibu chini ya kiapo. Ukisema kweli unaweza kunyimwa. Ukidanganya umefanya kosa kubwa zaidi. Kwa mtu anayesafiri hatari huanza mapema kuliko hapo, kwa sababu ofisa wa uwanja wa ndege anayeamini kwamba mkazi asiye raia amehusika katika biashara ya dawa zinazokatazwa anaweza kumzuia asiingie nchini alikokwisha kuweka makazi.

Tahadhari hii haiishii kwa wafanyakazi. Asiye raia ambaye anatumia bangi kwa pendekezo la daktari, au mwenye kadi ya mgonjwa ya kaunti inayomsamehe kodi ya mauzo, naye anapaswa kumwona wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote, na kabla ya kuvuka mpaka. Familia zinazoishi katika nyumba zenye ruzuku ya serikali kuu zijue kwamba matumizi ya bangi, hata ya tiba, yanaweza kuwa sababu ya kunyimwa nyumba au kuondolewa. Mnamo 2024 Wizara ya Sheria ilitoa pendekezo la kuishusha bangi daraja katika orodha ya serikali kuu, na wengi walilipokea kama uhalalishaji. Kushushwa daraja hakumpi mwenye duka ruhusa ya serikali kuu ya kumuuzia mtu mitaani, na hakukufanyi wewe uwe salama.

Ninajua ghala linachosha na ninajua mshahara unaouacha nyuma. Katika mijadala ya mabaraza niliyoifuatilia, hoja ya ajira hutajwa na karibu kila anayeunga mkono maduka, na ni mara chache sana mtu husimama kusema kwamba ajira hizo ni mtego kwa mkazi asiye raia. Mji wenye wahamiaji wengi ungepaswa kumtaka kila mwenye leseni amweleze mwombaji kazi hatari hiyo kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia saini. Hilo halihitaji fedha za ukaguzi wala kesi mahakamani.

SWALI: Na kwetu?

Hapa Kigali tunasikia kwamba Rwanda nayo imeruhusu bangi ya tiba. Je, tutarajie maduka kama ya California? — Mwanafunzi, Kigali

JIBU

Hapana, si kwa sheria ilivyo. Baraza la mawaziri la Rwanda liliidhinisha mwongozo kuhusu zao hilo Oktoba 2020, na amri ya wizara ya mwaka 2021 ikaweka utaratibu wa leseni za kulima, kusindika na kusafirisha nje kwa ajili ya tiba na utafiti. Matumizi ya kujistarehesha yamebaki kuwa kosa. Nchini Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inaendelea kuwafunga wakulima na wauzaji, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 1994. Mjadala wa California unahusu duka katika mtaa wa makazi. Wa Rwanda unahusu shamba lenye uzio na soko la nje. Mwanafunzi atakayechanganya mambo hayo mawili ataishia mikononi mwa polisi.

SWALI: Nitasemaje kikaoni?

Nimeishi hapa miaka mingi lakini Kiingereza changu si cha kusimama mbele ya madiwani. Je, naruhusiwa kutoa maoni yangu? Na niseme nini cha maana katika muda mfupi? — Baba mzee, kaunti ya Orange

JIBU

Shikamoo, Mzee. Unaruhusiwa, na huhitaji kuwa raia wala mpiga kura. Sheria ya California ya mikutano ya wazi, iliyopitishwa mwaka 1953, inalitaka baraza libandike ajenda ya kikao cha kawaida angalau saa 72 kabla, na limpe mwananchi nafasi ya kusema juu ya jambo lililo kwenye ajenda. Kwa kawaida muda huwa dakika mbili au tatu.

Usiutumie muda huo kueleza kama bangi ni nzuri au mbaya; madiwani watakuwa wamesikia hayo tangu jioni ianze. Waulize mambo ambayo watalazimika kuyajibu na ambayo majibu yake yatabaki kwenye kumbukumbu. Waulize umbali kutoka shuleni utakuwa futi ngapi, kwa sababu kiwango cha jimbo ni futi 600 na mji unaweza kuweka chake. Waulize nani atakagua, mara ngapi kwa mwaka, na mshahara wake umeshawekwa kwenye bajeti au bado. Waulize duka likikosea mara ya kwanza litafanywa nini, na mara ya pili. Waulize kodi itakayokusanywa itaingia mfuko gani, na kama sehemu yake itafika kwenye shule na kwenye huduma za vijana waliokwisha kuzama katika dawa za kulevya. Na kama unaunga mkono kwa sababu ya mgonjwa unayemjua, sema hivyo waziwazi, ueleze anasafiri umbali gani sasa kuipata, bila kulitaja jina lake.

Kuhusu lugha, nenda na kijana wako au mtu mwingine unayemwamini akutafsirie, useme kwa Kiswahili chako. Sheria hiyo hiyo inalitaka baraza likupe angalau mara mbili ya muda wanaopewa wengine, kwa kuwa nusu yake itatumiwa na mkalimani, isipokuwa pale penye mitambo ya kutafsiri papo kwa papo. Mwambie karani wa baraza mapema, siku ajenda inapobandikwa, ili mwenyekiti asije akakukatiza baada ya dakika tatu kwa kutojua.